Filamu Ambazo Mama Alizisikia Tu

Wiki mbili baada ya Mama kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kwenye jicho la pili, aliketi sebuleni kwangu Migosi, mjini Kisumu, akawa anasoma kwa sauti kila kitu kilichoandikwa mbele yake. Alisoma kalenda ya ukutani, mfuko wa unga, hata kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ubavuni mwa mto wa kiti kinachoeleza namna ya kuufua. Alipomaliza alinigeukia.

"Sasa nataka kuona zile sinema za baba yenu."

"Utaziona, Mama."

"Nataka kujua kama alikuwa ananiambia ukweli."

Alicheka aliposema hivyo, lakini mimi ni mtoto wake na najua kicheko chake cha mzaha na kile kingine. Hiki kilikuwa kile kingine.

Ni lazima nieleze jambo hapa, kwa sababu bila hilo hakuna litakaloeleweka. Baba alikuwa na ukumbi wa video Ahero, chumba cha mabati chenye mabenchi kumi na moja na runinga moja nzito kama jiwe la kusagia. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, na watu wa skimu ya mpunga walitoka kila upande, kwa hiyo Baba alishika maikrofoni akawatafsiria kwa Kiswahili chenye Kijaluo ndani yake. Watu walimwita Dijei ingawa hakuwahi kupiga muziki. Hakutafsiri tu. Aliihamisha filamu nzima kuja kwetu. Kulikuwa na filamu tatu za kifantasia, na mbili za kwanza ndizo alizozipenda kuliko zote, za malkia kijana asiye na ufalme anayebeba kaa la moto ndani ya chungu, akiivuka nchi yote ili moto usizimike duniani. Kwa Baba, malkia huyo alikuwa binti wa Kano, nyanda zetu za mpunga. Milima aliyoipanda ilikuwa ya Nandi. Jitu lililokaa darajani likidai malipo kwa kila anayepita lilipewa cheo cha Bwana Ushuru, na ukumbi wote ulikuwa ukilizomea.

Mama hakuwahi kuingia mle ndani. Alikaanga mandazi nje, hatua nne kutoka mlangoni, kwenye karai lake. Mafuta yakiwa motoni huwezi kuyaacha, lakini sababu kubwa ilikuwa kanisa. Mama alivaa sare ya akina mama wa kanisa, na siku hizo mama wa sare kuonekana akitoka kwenye ukumbi wa video lilikuwa jambo la kuitiwa kikao. Kwa hiyo alibaki nje, akasikiliza. Filamu ile ya kwanza na ile ya pili alizisikia kupitia mabati mara nyingi kiasi kwamba alizijua kwa moyo. Hakuwahi kuona hata picha moja. Ya tatu hakuisikia kabisa, kwa sababu Baba alifariki kabla haijafika Ahero.

Baadaye macho yake yakaanza kuingiwa na ukungu, na kwa miaka mingi hata angetaka kuona, asingeona. Sasa alikuwa na macho mapya.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kosa la walimu wa fizikia ni kudhani kwamba kila ombi ni swali la vifaa. Mama alisema anataka kuona. Nikajiambia, basi aone vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuona filamu hizo Ahero. Nilikuwa nimeshanunua runinga kubwa, na diski zangu za zamani zilionekana juu yake kama zimelowekwa kwenye maji ya mchele. Hilo si kosa la diski. Fikiria picha kama mkeka uliosukwa kwa vipande vidogo vya rangi. Picha ya DVD ina vipande vichache, na ukiutandaza mkeka huo kwenye ukumbi mkubwa, kila kipande kinavutwa mpaka kinaonekana. Picha ya 4K, ile ya diski za kisasa, pale palipokuwa na kipande kimoja, imeweka kama ishirini. Ndiyo sababu unaweza kuona uzi wa nguo na jasho la farasi.

Diski za 4K hazipatikani kirahisi mjini kwetu. Binamu yangu anayefanya kazi ya uuguzi ng'ambo alinunua seti yote ya filamu tatu akaja nayo likizoni, pamoja na deki ya kuzichezea. Maana deki ya DVD haizisomi hata ukiibembeleza, jambo ambalo nawaeleza watu wengi wanaotaka kubadilisha mikusanyo yao: anza na deki, kisha kebo, kisha runinga, diski ziwe za mwisho. Kila kitu kilipofika nikasafisha kabati. Deki ya zamani nikampa jirani. Diski za zamani, zote, nikazitia kwenye katoni na kumpelekea shangazi yangu Ahero. Yeye, dada ya Baba, analima mpunga, na ndege wa mpunga ni adui asiyelala. Wakulima wa kule hutundika diski kwenye kamba juu ya shamba, zikizunguka na kumeta kwa upepo, ndege wanatishika. Juu ya katoni niliandika kwa kalamu nene: ZA NDEGE.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, nilifunga mapazia, nikamketisha Mama kwenye kiti kizuri, nikaweka diski ya kwanza. Picha ilipotokea hata mimi nilishtuka. Ungeweza kuhesabu nyufa za kile chungu.

Mama aliinama mbele. Akasubiri. Malkia akazungumza kwa Kiingereza, mzee mmoja akamjibu kwa Kiingereza, upepo ukavuma. Baada ya dakika kama tano Mama akaniangalia.

"Yuko wapi?"

"Nani, Mama?"

"Baba yako."

Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha. Naikumbuka vizuri picha iliyoganda pale, uso wa malkia ukiwa mkubwa kama mlango wa kabati, na mimi nimesimama mbele yake nikiwa na rimoti mkononi kama mwanafunzi asiyejua jibu.

Baba alikuwa na waya mmoja uliotoka kwenye maikrofoni yake kwenda kwenye mashine ya kunakili. Filamu zake mbili alizozipenda alizinakili pamoja na sauti yake, na diski hizo mbili ndizo nilizokuwa nazo miaka yote, zimeandikwa kwa mkono wake. Mama alizisikiliza nyumbani kwangu mara nyingi macho yake yakiwa na ukungu. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa filamu. Nami, kwa kufikiria picha, picha, picha, nilikuwa nimeitoa sauti ya baba yangu ikatishe ndege.

"Iko Ahero," nilimwambia. "Nitaileta."

Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Basi zima hiyo, umeme usiende bure." Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Asubuhi yake nilikuwa Ahero mapema. Shangazi, ambaye sisi kwa Kijaluo tunamwita waya, nilimkuta kwenye tuta la mfereji akiwa na kofia ya majani.

"Waya, ile katoni ya diski iko wapi?"

"Iko kazini."

"Kazini wapi?"

Alinyoosha kidole. Juu ya mpunga uliokuwa umeanza kubadilika rangi, kamba zilikuwa zimevutwa kutoka mti hadi mti, na kwenye kamba diski zangu zilikuwa zikizunguka, kumi hapa, kumi pale, zikirusha vipande vya jua kila upande. Kusema kweli ilipendeza. Hakukuwa na ndege hata mmoja.

"Nataka kuzitazama," nikasema.

"Umekuja kudai? Si wewe uliyeandika kwa mkono wako 'za ndege'? Nimewapa ndege."

"Kuna mbili zina sauti ya Baba ndani."

 Waya alivua ndala zake, akakunja leso kiunoni.

"Sauti ya kaka yangu," alisema, kama anayerudia bei aliyotajiwa dukani. "Zinafananaje?"

"Juu zimeandikwa kwa kalamu. Chini zina rangi ya zambarau kidogo."

"Aa. Za zambarau." Akasimama katikati ya hatua. "Hizo hazimeti. Nilijaribu moja, ndege wakaikalia."

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu yeyote mwenye diski za kunakili nyumbani atafaidika. Diski ya kiwandani imepigwa chapa kama sarafu. Maandishi yake yamekandamizwa kwenye plastiki na juu yake kuna utando unaong'aa kama fedha. Diski unayonakili mwenyewe haikupigwa chapa. Ina rangi ndani yake, na mashine huandika kwa kuichoma rangi hiyo kwa miale. Ndiyo maana chini inaelekea zambarau, na ndiyo maana jua ni sumu kwake, kwa kuwa jua nalo ni miale na linaichoma polepole pasipo utaratibu wowote. Ukiiacha juani hata kwa siku chache, maandishi yako yanaanza kupauka kama kitenge kilichosahauliwa kambani.

Tuliikuta katoni ghalani, nyuma ya magunia. Chini kabisa, kati ya diski ambazo waya alizikataa, ilikuwa diski ya filamu ya kwanza, imelala kwenye giza bila mkwaruzo. Ya pili ndiyo ile aliyoijaribu. Ilikuwa kwenye mti wa mwisho kando ya mfereji, imefungwa kwa uzi wa katani, na kweli ndege walikuwa wameikalia, maana walikuwa wameacha ushahidi. Waya aliingia mwenyewe kwenye matope, maji yakiwa juu ya magoti, akalifungua fundo kwa meno. Alirudi akiipangusa kwa leso yake.

"Kaka yangu alikuwa na kelele kuliko kasuku," alisema. "Na mimi nikamtundika ndege wamkalie."

"Ni mimi niliyemtundika, waya."

"Tumemtundika wote. Twende ukanywe chai."

Sauti ilikuwa imepatikana, na mimi nilidhani kazi imekwisha. Nilipojaribu kuicheza kwenye deki ya zamani, niliyoiazima kwa jirani, pamoja na filamu mpya, niligundua kwamba Baba hakubaliani na picha. Mwanzoni alikuwa sawa. Baada ya nusu saa alikuwa akisema malkia amekwisha kuvuka daraja wakati malkia bado anabishana na Bwana Ushuru. Kufikia mwisho alikuwa ametangulia karibu dakika tano.

Sababu yake naijua na nilipaswa kuikumbuka. Filamu za sinema huenda kwa picha ishirini na nne kila sekunde. DVD za nchi kama yetu ziliendeshwa kwa picha ishirini na tano, kwa sababu ya jinsi runinga zetu zilivyotengenezwa kufuata umeme wetu. Picha moja tu kwa sekunde, hakuna jicho linaloiona. Lakini ni kama watu wawili wanaotembea kutoka Awasi kuja Ahero, mmoja ana hatua ndefu kidogo. Wakifika, mmoja ameshaagiza chai.

Nilipeleka tatizo hili mtaani Kondele, kwa mama mmoja mwenye studio ndogo juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kazi yake ni kupiga na kuhariri video za harusi na mazishi, zaidi mazishi. Alisikiliza dakika mbili, akagusa hiki na kile kwenye kompyuta yake, akaivuta sauti yote irefuke ilingane na filamu. Baba akatoka mzito na mvivu, kama mhubiri mgeni aliyekula vizuri. Nikaichukua kwenye simu nikamsikilizisha Mama.

"Huyu ni nani?" Mama akauliza.

Nikarudi Kondele.

"Mwalimu," yule mhariri aliniambia, "mimi nakaa na sauti za marehemu kila wiki. Nimejifunza kitu kimoja. Usimnyooshe mtu. Familia itajua. Tumkate pale anapovuta pumzi, kila kipande tukiweke mahali pake kwenye filamu mpya. Yeye tusimguse."

"Itachukua muda gani?"

"Alikuwa anavuta pumzi mara ngapi?"

Ilichukua Jumamosi tano. Nilibeba deki yangu mpaka kwake, tukaiweka filamu kwenye runinga upande mmoja na sauti ya Baba kwenye kompyuta upande mwingine. Yeye alikata, mimi nilimwambia wapi pa kuweka. Pia nilianza kumsikia Baba kama sijawahi kumsikia. Nilikuwa shule ya bweni miaka yake mingi ya ukumbi, na baadaye nilipozicheza diski zake nilikuwa nikicheka tu. Sasa tulimsikia pumzi kwa pumzi.

"Malkia ametoka. Amevaa nguo ndefu, rangi ya ndizi mbivu. Ameangalia kushoto. Ameangalia kulia. Viatu vimelowa."

Na nyuma yake, kutoka kwenye mabenchi, sauti ya mwanamume: "Tunaona, Dijei. Tuna macho."

"Wenye macho watulie," Baba akajibu, akaendelea. "Nywele amezifunga nyuma kwa kitambaa."

Mhariri alisimamisha. "Kuna kipofu alikuwa anakuja kwa ukumbi?"

"Hapana."

"Basi alikuwa anaelezea nani? Tafsiri anafanya, sawa. Lakini nguo? Viatu? Watu wanaona viatu."

 Nilikuwa nikiliona karai la Mama, hatua nne kutoka mlangoni.

Kulikuwa na jambo lingine lililonitia wasiwasi, na mhariri naye aliliona. Malkia hakuvaa nguo ya rangi ya ndizi mbivu. Katika picha mpya, safi kama maji ya chupa, nguo yake ilikuwa nyeupe. Na ile safari ndefu ya milimani, ambapo Baba anasema wenzake malkia wanazama kwenye mchanga wa manjano na jua linawamaliza, ilikuwa safari ya theluji. Watu walikuwa wakitetemeka. Mmoja alikuwa na barafu kwenye ndevu. Kuhusu theluji nilikuwa na jibu langu siku zote: Baba aliwabadilishia watu wa Ahero kitu wasichokijua kwa kitu wanachokijua, kama alivyobadilisha milima. Lakini nguo? Hakuna mtu Ahero asiyeijua rangi nyeupe. Nilikumbuka Mama alivyosema, nataka kujua kama alikuwa ananiambia ukweli, na kila Jumamosi nilirudi nyumbani nikiwa mzito kidogo.

Siku ilipofika tulifanya hivi. Filamu ilikaa kwenye deki, sauti yake nimeipunguza iwe ya chini. Sauti ya Baba ilikuwa kwenye simu yangu, imeunganishwa na spika niliyoiweka kando ya kiti cha Mama. Waya alikuwa amekuja kutoka Ahero na mfuko wa mchele, akapewa rimoti. Mimi nilishika simu. Tulihesabu hadi tatu tukabonyeza pamoja. Tulikosea mara mbili kwa sababu waya alikuwa akibonyeza kwenye mbili.

Mara ya tatu Baba akakohoa, akasema, "Haya, kaeni vizuri, binti wa Kano anaanza safari," na moto ukawaka ndani ya chungu kwa wakati uleule alioutaja.

Mama alishika mkono wa kiti.  Midomo yake ilikuwa ikienda pamoja na Baba. Alipoonekana Bwana Ushuru alicheka mpaka akafuta macho, akasema, "Kumbe ana meno mazuri hivyo." Waya akasema kaka yake aliliazima lile jitu sauti ya chifu mmoja wa zamani, na wote wawili wakaanza kubishana ni chifu yupi.

Kisha malkia akatoka mlangoni.

"Amevaa nguo ndefu, rangi ya ndizi mbivu," Baba alisema.

 Mama alisogeza kichwa mbele, akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili.

"Hii si nyeupe?"

"Ni nyeupe, Mama."

"Macho yangu yako sawa?"

"Yako sawa."

 Safari ya milimani ilipofika, Baba akawa anaomboleza juu ya mchanga na kiu, na kwenye runinga theluji ikawa inaanguka, Mama aliegemea nyuma kwenye kiti. Mikono aliikunja mapajani.

"Kwa hiyo alikuwa anatunga," alisema. "Si vibaya. Alijua sitaingia kuangalia."

"Wifi, usiseme hivyo," waya akamwambia.

"Sijakasirika. Nimekaa pale nje miaka, najua ile nguo kama najua sare yangu. Nilitaka hata kushona moja, ya rangi ile." Akatikisa kichwa. "Wale vijana wa ndani walikuwa wakimtania ile runinga yake ina homa ya manjano. Labda ilimwambukiza."

"Ina nini?" nikauliza.

"Homa ya manjano. Kila siku. 'Dijei, peleka runinga Russia ikatibiwe.' Russia ndiyo hospitali kubwa ya hapa Kisumu, kwani umesahau? Mimi nilidhani ni utani tu."

Nilimwambia waya asimamishe filamu, nami nikasimamisha simu. Jibu lilikuwa jambo ninalolifundisha kila mwaka kidato cha nne.

Runinga haijui rangi nyeupe. Inajua tatu tu: nyekundu, kijani na bluu. Ikitaka kukuonyesha nyeupe inaziwasha zote tatu kwa nguvu sawa, na jicho lako linazichanganya lenyewe. Zile runinga nzito za zamani zilikuwa na mizinga mitatu ya kurushia miale nyuma ya kioo, kila rangi na mzinga wake. Mmoja huweza kuzeeka na kufa wakati mingine bado mizima. Ukifa wa bluu, zinabaki nyekundu na kijani, na mwanga wa nyekundu ukichanganyika na wa kijani unapata manjano. Kila kilicho cheupe kinakuwa cha manjano.

Sikumweleza Mama haya yote. Nilichukua rimoti, nikaingia kwenye sehemu ya kurekebisha rangi, nikaitafuta bluu nikaishusha mpaka mwisho.

Theluji ikawa mchanga. Milima yote, kutoka ukingo hadi ukingo, ikawa mchanga wa manjano chini ya anga la ajabu, na wale watu waliokuwa wakitetemeka wakaonekana wanayumba kwa kiu. Barafu kwenye ndevu za yule mmoja ikawa vumbi. Nikairudisha filamu nyuma hadi pale mlangoni. Malkia akatoka amevaa nguo ndefu, rangi ya ndizi iliyoiva siku ileile.

"Hiki ndicho alichokuwa anaona," nikasema. "Runinga yake ilikosa rangi moja. Alikuambia alichokiona."

Mama aliinuka. Alitembea mpaka kwenye runinga, akasimama karibu kabisa, karibu kuliko inavyoshauriwa, akaweka kiganja chake juu ya ile nguo. Waya alikuwa anaangalia sakafu.

"Kila kitu?" Mama aliuliza bila kugeuka.

"Kila kitu, Mama. Hata viatu vimelowa, angalia."

Akaangalia viatu.

Tuliimaliza filamu ya kwanza hivyohivyo, bila bluu, kwenye runinga niliyoinunua kwa sababu ya rangi zake. Wiki iliyofuata tulitazama ya pili. Diski ile jua lilikuwa limekula sehemu tatu, na mhariri aliacha kimya mahali hapo badala ya kujaza kitu. Mara ya kwanza sauti ilipokatika nilitaka kuomba radhi, lakini Mama alikuwa ameshaendelea. Alisema maneno ya Baba, kwa mpangilio wake, na pumzi zake, na kikohozi chake, mpaka Baba mwenyewe aliporudi na kumkuta kwenye neno lilelile. Hakuonekana kutambua kwamba amefanya kitu.

Filamu ya tatu ilikaa kwenye kasha lake kwa muda. Sikuitaja. Sikujua kama ataitaka, kwa kuwa hakuna sauti ya kuwekea. Jumapili moja alitoka kanisani, akavua viatu, akaketi mahali pake.

"Ile nyingine inaishaje?"

"Unataka nikuambie?"

"Nataka kuiona."

Niliweka diski. Picha ilitoka na ile rangi ya manjano, kwa sababu sikuwa nimegusa marekebisho. Mama aliitazama kidogo.

"Hii baba yenu aliiona?"

"Hapana. Haikumfikia."

"Basi rudisha bluu."

Nikairudisha, kidogo kidogo, na ziwa kubwa likajitokeza mbele yetu chini ya anga la asubuhi, maji yake yakiwa na rangi ambayo sijui kuitaja. Mama alivuta pumzi. Malkia alikuwa ukingoni, amezeeka kidogo, chungu kiko mkononi. Akasema jambo kwa Kiingereza.

"Anasemaje?"

"Anasema, ah, kwamba amefika mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika kabla yake, kwa hiyo hana wa kumuuliza njia."

"Polepole," Mama akasema. "Unasoma kama tangazo la mazishi redioni. Yeye anaongea na nani?"

Nikasogeza kiti changu karibu na chake, nikarudisha filamu nyuma mpaka mwanzo, nikaanza tena.